Redio za rock za Boston zimeisha moja baada ya nyingine, na mimi sikubali kwamba ni Spotify peke yake iliyoziua

MbebaBoksi495 aliandika:

Wakuu salama? Huu uzi nimekuwa nao kiporo toka 2020, kila nikianza kuuandika naishia katikati, leo siendi kazini na nje theluji imeziba barabara kwa hiyo nimeamua niumalize. Ni mrefu, mniwie radhi.

Mimi naishi Lowell, Massachusetts, mwendo wa kama dakika 45 kufika Boston kama hakuna foleni. Wanaoujua huu mji wanajua ulivyojaa Wakenya, Wabongo tupo ila wachache, na wengi wetu tulianzia sehemu ileile, kutunza wazee, shifti ya saa 5 usiku mpaka saa 1 asubuhi. Nilifika 2003. Gari yangu ya kwanza ilikuwa Corolla kuukuu, sehemu ya kaseti ilishakufa, redio tu ndo inafanya kazi, na ile redio ndo ilikuwa rafiki yangu wa kwanza huku. Rock nilishaipenda toka Arusha maana kaka yangu alikuwa na kanda za Scorpions na Dire Straits mpaka maandishi yamefutika, lakini sikuwahi kuishi mahali ambapo unazungusha tu unakuta stesheni tatu zinapiga magitaa na kwenye kila moja kuna mtu yuko macho saa 10 alfajiri anakwambia barabara ya 495 imeganda barafu endesha taratibu.

Stesheni zenyewe ni WBCN 104.1, WFNX 101.7 na WAAF 107.3. Leo hakuna hata moja. BCN ilizimwa Agosti 2009, FNX Julai 2012, AAF Februari 2020. Kila nikigusia hili watu wananijibu "dunia imebadilika kaka, watu wana Spotify". Sasa angalieni hizo tarehe vizuri. Spotify imeingia Marekani Julai 2011. BCN ilikuwa imeshazikwa karibu miaka 2.

Kuna mzee nilikuwa namtunza, fundi bomba mstaafu, mtu wa maneno machache. Pembeni ya kitanda alikuwa na redio ndogo iko 104.1 na ilikuwa marufuku kuigusa, ukitaka kufuta vumbi unafuta kwa kuizunguka. Yeye ndo alinihadithia kwamba BCN mwanzoni ilikuwa ya muziki wa klasiki, hizo herufi zinatokana na Boston Concert Network, na hali ya pesa ilikuwa mbaya. Miaka ile FM ilikuwa kama shamba ambalo hajalima mtu, serikali ilishaagiza stesheni za FM za miji mikubwa ziache kurudia tu kinachopigwa AM, kwa hiyo nchi nzima kukawa na masaa matupu yanatafuta mtu wa kuyajaza. Boston alikuwepo Ray Riepen, mwenye ukumbi wa muziki unaitwa Boston Tea Party, akaomba apewe masaa ya usiku. Machi 15, 1968 wakaingia hewani, wimbo wa kwanza wa Cream. Mzee alikuwa kijana wakati huo anakaa chumba cha kupanga na wenzie, anasema walidhani kuna mtu ameiteka redio. Mtangazaji wa usiku wa manane alikuwa Peter Wolf, yule aliyekuja kuwa mwimbaji wa J. Geils Band. Hakukuwa na orodha kutoka juu, mtangazaji anaingia studio na santuri zake, anapiga blues, anaunganisha na rock, anasoma habari za vita ya Vietnam, anarudi kwenye gitaa.

Na wasikilizaji waliichukulia kama mali yao. Februari 1979 walikuja wenye mali wapya wakafukuza watu kibao siku za mwanzo tu, wafanyakazi wote wakagoma, wasikilizaji wakawa upande wao, hata watoa matangazo wakaanza kuvuta pesa zao, baada ya kama wiki 3 wenye mali wakasalimu amri na waliofukuzwa wakarudishwa. Hebu fikiria leo wasikilizaji wasimame na watangazaji namna hiyo. Mwaka huohuo wakaanzisha mashindano ya bendi za mjini, Rumble, ambayo kila mwaka yalikuwa yanaibua vijana kutoka kwenye magereji ya nyumba za wazazi wao. U2 wakati hawajulikani kabisa Marekani, Boston walishaanza kuwasikia hapo BCN.

Sasa asubuhi moja ya Agosti 2009 naingia chumbani kwa mzee kumpa dawa, redio iko palepale 104.1, inapiga pop. Ananiangalia kama vile mimi ndo nimeigusa. Nikamwambia mzee wangu mimi sijaigusa, wameizima. Kilichotokea ni kwamba CBS ambao walikuwa wanamiliki stesheni kadhaa mjini walitaka redio ya michezo, wakaiweka 98.5, iliyokuwepo 98.5 wakaihamishia 104.1, na BCN miaka 41 ya rock ikakosa mahali pa kukaa. Waliwapa watangazaji siku za mwisho wapige wanachotaka, wakafunga na wimbo mrefu wa Pink Floyd. Mzee hakuuliza tena, ila ile redio alikuwa anaizima mwenyewe kuanzia siku hiyo. Mimi nilimaliza shifti nikakaa kwenye gari pale parking sijui kwa muda gani.

Ndo maana nasema tutafute muuaji vizuri. Februari 1996 Clinton alisaini sheria mpya ya mawasiliano. Kabla ya hapo kampuni moja hairuhusiwi kuwa na stesheni zaidi ya 40 nchi nzima, sheria ikaondoa huo ukomo kabisa, na kwenye miji mikubwa ukaruhusiwa kumiliki mpaka 8 ndani ya mji mmoja. Kampuni ya redio ya Clear Channel ikatoka kwenye stesheni 40 ikaenda zaidi ya 1,200 ndani ya miaka michache. Wanunuzi wakawa wananunua kwa mkopo, na mkopo lazima ulipwe, na sehemu rahisi ya kubana ni mshahara wa mtangazaji wa usiku. 2008 Clear Channel yenyewe ikanunuliwa kwa madeni ya kutisha na kampuni za uwekezaji za Bain Capital na Thomas H. Lee, na hizo mbili zote ofisi zao kuu ziko Boston hapahapa. Huwa nikilifikiria hilo naumia. Machi 2018 wakiwa wameshajiita iHeartMedia wakaomba ulinzi wa kufilisika wakiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 20. Cumulus, kampuni nyingine kubwa ya redio, walishatangulia mwishoni mwa 2017. Audacy, waliokuwa wanaitwa Entercom, wakafuata Januari 2024.

Kwa hiyo striming, yaani kusikiliza muziki kwa intaneti kama Spotify, ilipokuja ilikuta nyumba imeshabomolewa milango. Kama stesheni imeshamuondoa mtu, imebaki na nyimbo zilezile mia na kitu zinazozunguka toka asubuhi mpaka jioni na matangazo ya mawakili wa ajali, mimi kwa nini nisiweke simu kwenye gari nipige nyimbo hizohizo bila matangazo? Lakini mtu angekuwepo mle ndani ningebaki, na najua siko peke yangu.

Naomba maoni, hasa wenye uzoefu wa redio.

FundiMitambo_Mza aliandika:

Mkuu umenigusa. Nimefanya kazi ya mitambo kwenye redio moja ya mkoani huku kanda ya ziwa, sitaitaja, haikuwa ya rock lakini ugonjwa ni huohuo nilioushuhudia, ngoja niwaeleze wasiojua unavyofanya kazi.

Mtangazaji anaingia studio saa 4 asubuhi, anarekodi vipande vifupi, "huo ulikuwa wimbo wa fulani, tukiendelea na usiku wetu", vipande 30 au 40, kwa nusu saa amemaliza kipindi cha masaa manne. Kompyuta inavipachika katikati ya nyimbo. Usiku studio imefungwa, kuna mlinzi nje na taa ya mtambo inawaka, msikilizaji anadhani kuna mtu. Huko Marekani walienda mbali zaidi, mtu anakaa mji mmoja anarekodia stesheni za miji mitano ambayo hajawahi kukanyaga. Kwenye karatasi unaona umeokoa mishahara. Lakini siku daraja limekatika au mvua imeingia kwenye nyumba za watu redio inaendelea kusema jioni njema.

Kingine ni kile kifaa kidogo kinachopima usikilizaji, mtu aliyechaguliwa anatembea nacho kinanasa mawimbi yenyewe badala ya yeye kujaza daftari. Zamani mtu alikuwa anaandika stesheni anayoipenda. Kifaa kinaandika dakika aliyohama. Mameneja wakaona kwamba mtangazaji akianza kuongea kuna watu wanahama, wimbo mgeni ukianza kuna watu wanahama, basi maagizo yakawa punguza maneno, punguza nyimbo ngeni. Ukipunguza hivyo viwili kwenye redio ya rock umebakiza nini?

Kijana_wa_Temeke aliandika:

Mi naheshimu maumivu ya mleta uzi ila naona upande mwingine. Nimekulia Temeke, napenda metal toka nina miaka 15, sijawahi maishani kusikia metal kwenye redio ya FM hapa Dar. Hata dakika 5. Nilichokipata nimekipata kwa bando. Kupitia intaneti ndo nimejua kuna Skinflint na Overthrust kule Botswana, watu weusi wenzangu wamevaa ngozi na viatu vya cowboy wanapiga metal, siku naiona ile video sikulala. Hakuna mtangazaji aliyeniletea, niliitafuta mwenyewe nikaikuta.

Na hizo redio mnazozililia nimesoma habari zake, AAF hiyohiyo ndo Aprili 1, 1998 watangazaji wake Opie na Anthony walisema hewani kwamba meya wa Boston, Menino, amekufa kwenye ajali ya gari, wakasema ni utani wa siku ya wajinga. Familia ya mtu inasikiliza! Wakafukuzwa. Sasa huyo mtu ndani ya redio mnayesema tumempoteza, naye alikuwa na mambo yake. Na miaka yote hiyo wanawake kwenye bendi walipigwa mara ngapi, weusi mara ngapi? Rock ambayo chimbuko lake ni sisi.

MbebaBoksi495 aliandika:

Kijana wa Temeke nakupa haki yako yote hapo, hasa hilo la mwisho. Mimi mwenyewe nikiwa mweusi pekee kwenye shoo za AAF niliangaliwa sana, na vipindi vyao vya asubuhi nilikuwa navizima kwa sababu ya matusi kwa wanawake. Ile habari ya Menino ilikuwa aibu na kufukuzwa walistahili.

Ila nikuulize kitu mdogo wangu. Hao Skinflint uliwapata kwa sababu ulikuwa unatafuta. AAF iliwapata Godsmack kwa sababu walikuwa majirani. Godsmack wametoka Lawrence, mji uko jirani kabisa na Lowell, walirekodi kwa pesa yao, CD ikamfikia mtangazaji wa usiku wa AAF, akaipiga, simu zikaanza kuita, wakaipiga tena, na ndo lebo kubwa zikaja kubisha hodi. Wimbo wa watu wa Lawrence ulifika kwanza kwa watu wa Lawrence. Striming inakujua wewe unapenda nini, lakini haijui jirani yako anafanya mazoezi kwenye banda la nyuma. Utasikiliza bendi ya Gaborone, jambo zuri kabisa, na bendi iliyoko mtaa wa pili hapo Temeke haitakufikia kamwe kwa sababu ina wasikilizaji 12.

Halafu kuna hii ya FNX. Hawa walikuwa wadogo, mali ya watu wa gazeti la Boston Phoenix, hewani toka 1983. Septemba 23, 1991 walifanya sherehe yao ya kutimiza miaka 8 kwenye klabu moja inaitwa Axis, waliokuja kupiga ni Nirvana. Kesho yake ndo ile albamu yao iliyobadilisha dunia, Nevermind, ikatoka. Walialikwa wakati hakuna aliyekuwa na uhakika nao. 2012 masafa yakauzwa kwa Clear Channel, haohao wa madeni niliowasema juu, na ndani ya miaka 2 tu 101.7 ikawa nyimbo za zamani, ikawa dansi ya kielektroniki, ikawa kantri. Wewe ungemzoea nani hapo?

Watangazaji wa FNX hawakukata tamaa. Mwezi uliofuata, Agosti 2012, tovuti ya Boston.com ikawachukua wakaanzisha redio ya mtandaoni, RadioBDC, sauti zilezile. Mimi nilikuwa nawasikiliza kwa simu nikiwa nakunja mashuka. Ikafungwa 2016. Hapo ndo kwenye swali gumu na sina jibu jepesi, maana mtu alikuwepo, muziki ulikuwepo, wamiliki hawakuwa Clear Channel, na bado haikusimama. Moja ya sababu ni kwamba Marekani redio ya FM ikipiga wimbo inamlipa mtunzi tu, msanii aliyerekodi halipwi kitu, lakini ukipiga wimbo huohuo mtandaoni lazima ulipe wote wawili, kwa hiyo redio ndogo ya mtandaoni kila msikilizaji anayeongezeka anakuja na bili yake. Na kwenye mtandao unashindana na dunia nzima, wakati kwenye FM ulikuwa unashindana na namba chache tu za kwenye dashibodi.

Maskani_Westlands aliandika:

Niaje wasee. Nairobi pia tulipitia hii kitu. Tulikuwa na X FM 105.5 ya Radio Africa, hao wenye Kiss na Classic. Mimi nilikuwa nafanya kazi ofisini Westlands na ilikuwa inawekwa siku nzima, na venye watu walidhani rock Kenya ni ya mazungu, ukienda shoo unapata ukumbi umejaa vijana wa Umoja na Donholm, Parking Lot Grass wako jukwaani, Murfy's Flaw, watu wanaimba neno kwa neno. Ile redio ilikuwa ndio notisibodi yetu, shoo iko wapi, nani ametoa nini. Baadaye hiyo 105.5 ikageuzwa Smooth FM, muziki mpole.

Bendi hazikukufa, hiyo lazima niseme. Ziko YouTube, watu wako kwa magrupu ya WhatsApp. Lakini kuna kitu iliisha. Zamani dereva wa teksi angeweza kuibonyeza kwa bahati mbaya akaacha. Mimi binamu yangu alianza hivyo, leo anapiga besi. Grupu ya WhatsApp huwezi ingia kwa bahati mbaya.

Swali kwako MbebaBoksi, usiku wa mwisho wa AAF ulikuwa wapi?

MbebaBoksi495 aliandika:

Maskani hilo la kuingia kwa bahati mbaya umelisema vizuri kuliko uzi wangu wote.

AAF ilitangazwa Jumanne kwamba imeuzwa, Ijumaa usiku Februari 21, 2020 ikazimwa. Siku tatu tu. Entercom waliiuza dola milioni 10.75 kwa Educational Media Foundation, wale wenye K-Love, muziki wa dini unaorushwa kutoka sehemu moja kwenda nchi nzima. Sina ubaya na muziki wa dini, mimi ni mtu wa kanisani, ila karibu miaka 50 ya kelele za Worcester na Boston kuishia kuwa bomba la matangazo ya kutoka mbali iliniuma.

Nilikuwa barabarani naenda kazini. Niliondoka nyumbani mapema makusudi nikapaki kwenye kituo cha mafuta kule Chelmsford. Watangazaji wa zamani walirudi studio, wengine walipiga simu, wanalia hewani bila kujificha. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa Black Sabbath. Ukaisha, pakawa kimya kidogo, ikaanza K-Love. Pembeni yangu kulikuwa na pikapu ina ngazi juu, jamaa ndani yake amekaa taa imezimwa kama mimi, tukaangaliana tu, akanyanyua mkono, nikanyanyua, kila mtu akaondoka. Nilichelewa kazini dakika 10 na ni mara pekee kwa miaka yote.

MamaZawadi_Minneapolis aliandika:

Poleni jamani. Mimi niko Minnesota na nimesoma kwa makini kwa sababu huku kwetu ni tofauti kidogo na nafikiri sababu yake inahusiana na alichosema kaka. Tuna The Current, 89.3, iko chini ya redio ya umma ya Minnesota, ilianza Januari 2005, na inalipiwa na wasikilizaji, mimi natoa dola 10 kila mwezi kama ninavyotoa kwenye chama chetu cha kufa na kuzikana. Watangazaji wapo kweli, bendi za hapa zinapigwa mchana kweupe. Prince alipofariki Aprili 2016 walipiga nyimbo zake tu mfululizo, mji mzima ulikuwa umefungua hapo, madirishani, kwenye magari, mimi nilikuwa jikoni napika nalia. Seattle nao wana KEXP ya mtindo huohuo, na hao intaneti imewabeba, video zao za bendi zinatazamwa dunia nzima. Kwa hiyo kaka striming na redio si lazima ziuane, inategemea nani ana deni.

Hapo Lowell hamna kitu kimebaki kabisa?

MbebaBoksi495 aliandika:

Asante dada, na hiyo ya "nani ana deni" nitaikopa.

Vimebaki. WZLX 100.7 ipo inapiga rock ya zamani. Kule Haverhill kuna The River, 92.5, si mali ya makampuni makubwa na bado wanachagua nyimbo kama watu. Mashindano ya Rumble mtangazaji Anngelle Wood aliyahangaikia yakaendelea hata baada ya BCN kufa. Na hapa mjini kwetu kuna 91.5 WUML, redio ya wanafunzi wa UMass Lowell, mnara mfupi, ukivuka vilima viwili inapotea, wana kipindi chao Live from the Fallout Shelter bendi za maeneo haya zinaingia studio zinapiga laivu. Mtoto wangu wa kwanza yuko high school, ndo amenionyesha, mimi nilidhani namfundisha yeye rock.

Maskani na Kijana wa Temeke, hata nyie mnaweza kuipata, wanarusha mtandaoni. Sa hivi ninavyoandika iko kwenye spika ya jikoni, kuna bendi ya vijana watatu, gitaa limetoka tyuni kidogo, mtangazaji amekosea jina la bendi, wao wamemrekebisha hewani, amewaomba radhi na sasa wanaanza wimbo wa pili.